Mkebe wa Inchi Tisa

Kuna watu ambao wakikasirika hunyamaza, na kuna wale ambao wakikasirika majirani hupunguza redio ili wasikie vizuri. Waringa ni wa kundi la pili, na hajawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Pale mtaani Kimathi sauti yake inajulikana kuanzia kwenye bomba la maji hadi kwa fundi wa viatu. Lakini Jumamosi ile, saa nne asubuhi, alipouinua mkebe wa keki hadi usawa wa macho na kuukagua ukingo wake, hakutoa hata mguno. Alikaa kimya hivi kwamba binti yake, Tiffany, aliyekuwa mezani akichezea simu, aliinua kichwa mwenyewe.

"Mum, ni nini?"

Waringa alichukua kijiti cha meno akakipitisha kwenye mkunjo wa bati, pale ambapo sponji ya kuoshea vyombo haifiki. Kijiti kikatoka na kitu cheupe kilichoganda. Akakinusa. Akakinusa tena. Alikuwa amelelewa na baba aliyefuga nguruwe huko Murang'a, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Yalikuwa mafuta ya nguruwe.

Sasa, ili uelewe kwa nini mafuta yale, ambayo hayakujaa hata ukucha, yalimfanya mwanamke mzima aketi juu ya mtungi wa maji, ni lazima ujue keki ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Hodo. Hodo, binti ya Anab, aliyezaliwa mlango wa pili kutoka kwa Waringa, wiki tatu kabla ya Tiffany, akajifunza kutembea akining'inia kwenye leso ya Waringa. Biashara ya vitambaa ilipomnyookea Anab, yeye na mumewe Burale walihamia ghorofani, Eastleigh Section Three, lakini urafiki haukuhama. Kila Idd Waringa alimpikia Anab keki ya limau. Kila Krismasi Anab alimletea Waringa sambusa na mguu wa mbuzi, na Krismasi haikuanza nyumbani humo kabla mguu ule haujafika.

Hodo alipochumbiwa na kijana anayeitwa Magan, alisema jambo moja tu kuhusu chakula cha sherehe: keki itakuwa ya Anti Waringa, ya limau, yenye aisingi ya siagi, na kama si hiyo basi hakuna keki. Mama yake Magan alikataa. Huyo mama ana duka la dhahabu na shingo ngumu. Alimwuliza Anab mbele ya watu, "Keki ya mwanangu itoke jikoni kwa watu wanaokula nguruwe?" Anab akasimama akasema kwamba jiko hilo analijua kuliko lake, kwamba amekula humo miaka ishirini na mbili, na kwamba yeye ndiye anayeliwekea dhamana. Maneno hayo yalimfikia Waringa kupitia Hodo. Yalimchoma, na pia yalimfanya atembee wiki nzima kichwa juu.

Na alijipanga, jamani. Alinunua vanila isiyo na pombe, akasoma maandishi kwenye pakiti ya siagi mpaka macho yakamwuma. Jumatano aliisugua oveni kwa magadi na siki hadi ukuta wake wa ndani ukarudisha sura. Alinunua mwiko mpya. Asubuhi hiyo alikwaruza maganda ya limau kumi na mbili, akayafikicha na sukari kwa vidole mpaka sukari ikawa ya manjano na nyumba nzima ikanukia, akapiga siagi, akaongeza yai moja moja bila haraka. Tabaka mbili zilikuwa tayari, zinapoa juu ya waya. Zilikuwa zimeumuka sawasawa, hazikupasuka katikati. Zilitoka kwenye mkebe ule ule wa inchi tisa, moja baada ya nyingine, na moto ndio ulioyayeyusha yale mafuta yaliyojificha yakachungulia nje.

Waringa alinyanyuka. Chege, mumewe, alikuwa sebuleni na fulana yake ya ndani, akitazama marudio ya mpira aliokwisha kuutazama jana yake.

"Baba Tiffany, kuja hapa."

"Naangalia kitu."

"Chege."

Akiitwa jina lake tupu, Chege hujua mambo yameharibika. Alipunguza sauti ya runinga, akaja hadi mlango wa jikoni, akaegemea.

"Alhamisi ulipika nini na mkebe wangu?"

"Mkebe gani?"

Waringa alimwekea chini ya pua. Chege akautazama, akatazama dari, akacheka kile kicheko chake cha kutafutia njia.

"Aah, hiyo! Si nilipasha tu. Mugo alikuja na mbavu kutoka pale kwa stage, zikawa zimepoa. Sufuria zote zilikuwa na githeri yako."

"Ukaweka nguruwe kwa mkebe wa keki!"

"Na nikaosha! Na maji moto na sabuni. Uliza Tiffany."

"Mimi msiniingize," Tiffany akasema. Kisha, kwa kuwa watoto wa siku hizi hawajui pa kukomea, akaongeza, "Na kwani Mum, leo ndiyo unajua? Si hiyo ndiyo ya pork. Kila Alhamisi ukienda Guild ya kanisa, yeye na Uncle Mugo hupasha hapo."

Hapo ndipo majirani walipopunguza redio.

"Kila Alhamisi! Chege! Kila Alhamisi mimi niko kanisani napiga magoti, wewe uko hapa unanajisi vyombo vyangu! Tangu lini?"

"Sasa unapiga kelele ya nini?"

"Tangu lini!"

Chege alijikuna shingo. "Tangu tununue oveni, labda. Mwaka juzi. Lakini huwa naosha, Waringa, haki ya Mungu."

Mwiko mpya ukaruka. Haukumpata, uligonga fremu ya mlango ukavunjika vipande viwili, na hilo likamwudhi Waringa hata zaidi, maana mwiko hauna kosa. Alitaka kumshika mwanamume huyo masikio yote mawili amtingishe mpaka akili irudi mahali pake. Miaka miwili! Idd mbili ndogo na Idd mbili kubwa. Keki ya Hodo alipomaliza chuo. Keki alizotuma katikati ya wiki bila sababu, kwa sababu tu limau zilikuwa nyingi.

"Wewe unajua Anab ni nani?" akamwuliza. "Unajua amesema nini kwa wakwe wake juu ya hii nyumba?"

"Najua, najua. Lakini hebu tuliza boli. Hiyo ni chembe. Oveni ni digrii mia na themanini. Hiyo moto inaua kila kitu."

"Kwani haramu ni mdudu? Ati inaua!"

"Nani atajua, lakini?"

Tiffany akaweka simu chini. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

"Mum, mimi sisemi Dad hajakosea. Amekosea vibaya. Lakini ukiwaambia, ni Hodo utakuwa umemharibia. Huyo mama wa Magan atapata ya kusema mpaka afe. Anti Anab atawekwa aibu mbele ya watu wote. Na hiyo nguruwe ishaliwa. Sasa utakuwa umesaidia nani?"

Hebu niambie wewe ungemjibu nini. Waringa aliwageuzia mgongo, akaingia jikoni, akausukuma mlango ukafungwa kwa kishindo, akatia siagi kwenye bakuli akaanza kuichapa. Aliichapa kwa mkono ingawa mashine ilikuwa pale pale, kwa sababu mkono ulikuwa na hasira ya kutumia. Akaongeza sukari ya unga, akaongeza maji ya limau, akachapa mpaka aisingi ikawa nyeupe pe. Moyoni alikuwa akibishana na watu ambao hawakuwepo. Asiyejua hadhuriki. Ni chembe tu. Kwani yeye alitaka? Yeye ndiye aliyekosewa hapa! Akachukua tabaka ya kwanza akaipaka. Akaweka ya pili juu yake. Akaanza kupaka ubavuni, akizungusha sahani polepole, na keki ikaanza kupendeza, na alivyozidi kuiona inapendeza ndivyo alivyozidi kuichukia.

Amefika nusu, simu ikaita. Ilikuwa Anab.

"Mama Tiffany! Umefika wapi?"

"Napaka," Waringa akasema.

"Mashallah. Sikiliza, yule mama amekuja asubuhi tena kunisumbua. Ati nimhakikishie. Nimechoka naye, walahi. Nimemwambia mbele ya dada zake wote, naapa kwa Mwenyezi Mungu hiyo keki ni safi, kama si safi dhambi yake iwe juu yangu mimi. Ndiyo akanyamaza!" Anab alicheka, na nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele vya kujaribia. "Uje mapema unywe chai. Usije kama mgeni."

"Nakuja."

Simu ilipokatika Waringa aliitazama ile keki, upande mmoja mweupe na upande mmoja wazi. Kisha akakiweka chini kisu cha kupakia. Alikasirika upya, na safari hii si kwa Chege. Alijikasirikia yeye mwenyewe kwa sababu mkono wake ulikuwa umefika nusu.

Alivua aproni. Akatia kwenye kikapu pakiti za unga ambazo hazijafunguliwa, mayai, siagi iliyobaki na limau alizoziacha akiba. Chege alikuwa amesimama mlangoni.

"Unaenda wapi? Keki si hiyo hapo?"

"Hiyo ni yako. Wewe na Mugo mmeshaitia ladha."

"Waringa, usiwe mjinga. Utavunja urafiki wa miaka ishirini juu ya mbavu!"

"Si mimi niliyeuvunja!" Waringa akanguruma, na mtaa mzima ukasikia. "Toka kwa mlango!"

Chege alitoka kwa mlango. Si mtu mbaya, tusidanganyane, lakini kuna watu wema ambao ubaya wao wote umo katika neno moja, "kwani." Kwani kuna nini. Kwani nani atajua.

Waringa alipanda boda hadi Section Three. Njiani alimsimamisha dereva mbele ya duka la vyombo, akanunua mikebe mitatu mipya na mwiko, akamwambia mwuzaji asiitoe karatasi zake. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akihema. Nyumba ya Anab ilikuwa imejaa shangazi na binamu, ubani unafuka, hina inakauka kwenye mikono ya wasichana, na Hodo mwenyewe ameketi katikati akiwa amekatazwa kugusa chochote. Alimwona Waringa akapiga kelele, "Anti! Keki iko wapi?"

"Inakuja, mama," Waringa akasema, akapita moja kwa moja hadi jikoni.

Anab alikuwa humo akitoa sambusa kwenye mafuta. Ni mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na labda ndiyo sababu wawili hao waliwezana. Aliona kikapu, akaona mikebe yenye karatasi, tabasamu likaanza kumtoka.

"Imeungua?"

"Funga mlango, Mama Hodo."

Anab alizima moto, akafunga mlango. Waringa alisimama wima. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamtoroka yote, kwa hiyo akasema jinsi ilivyokuwa.

"Keki niliyokuwa nimepika si safi. Chege alipasha nguruwe kwa mkebe wangu siku ya Alhamisi. Nimeona mafuta yake leo, baada ya kupika. Sikujua. Nimenunua mikebe mipya na kila kitu. Nitakupikia nyingine hapa hapa, mbele yako, kwa oveni yako. Saa kumi itakuwa tayari."

Sauti za wanawake zilipita chini ya mlango pamoja na moshi wa ubani. Halafu uso wa Anab ukawaka.

"Mimi nimeapa," akasema. "Mama Tiffany, asubuhi hii mimi nimeapa!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Huyo mwanamume wako ana akili kweli? Anakula kwangu kila Idd! Nguruwe, kwa chombo anachojua kinaleta chakula kwangu!" Alikuwa akinong'ona, lakini ulikuwa mnong'ono wa kupasua glasi. "Na mwanangu anaolewa leo! Leo!"

"Nimemwambia yote hayo, na zaidi."

Anab alitembea hadi dirishani, akarudi, akashika meza. Pumzi ikamshuka taratibu. Ungeona kwamba anaanza kupiga hesabu ya kuokoa siku: oveni ipo, saa zipo, mikebe ipo, aliyeapa hajaumbuka bado. Aligusa moja ya ile mikebe mipya, akaigeuza.

"Sawa," akasema. "Alhamdulillahi umeona mapema. Mungu ameniokoa." Kisha, akiwa bado ameishika, bila hata kuinua macho, akauliza, "Ni mara ya kwanza?"

Hapa ndipo pabaya. Swali liliulizwa kwa wepesi, na jibu jepesi lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi wa Waringa. Mara ya kwanza. Maneno matatu. Angeyasema, wangepika keki, wangecheka mwezi ujao juu ya ujinga wa Chege. Hakuna ambaye angefukua mikebe ya mwaka juzi. Ukweli aliokwisha kuusema ulitosha kumfanya mtu mwema, na ulikuwa ukweli wa bei nafuu. Alimkasirikia Anab kwa kuuliza. Kwa nini aulize, lakini?

"Hapana," Waringa akasema. "Si mara ya kwanza."

Anab akainua macho.

"Nimejua leo. Tiffany ndiye amesema. Ni tangu tununue oveni."

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi."

Waringa alimwona akihesabu. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti: Idd, Idd, Idd ya kuchinja. Kidole kimoja kikagoma. Kikabaki hewani.

"Mama yangu," Anab akasema.

Waringa alikuwa hajamfikiria huyo. Naapa, katika hasira yake yote hakuwa amefika hapo. Mama yake Anab alifariki mwaka jana, baada ya mfungo. Miezi yake ya mwisho koo lilikataa kila kitu, wali, uji, hata ndizi iliyopondwa. Kitu kimoja tu kilipita: keki ya limau ya Waringa ikilowekwa kwenye chai ya maziwa. Waringa aliipeleka kila baada ya siku tatu. Alisimulia hadithi hiyo kwenye Guild kwa fahari, jinsi ajuza wa watu alivyokuwa akimfungulia mdomo yeye tu. Bibi aliyekuwa hajakosa swala tangu usichana wake.

"Ndicho kitu cha mwisho alichokula," Anab akasema. "Nilimlisha kwa mkono huu."

"Mama Hodo..."

"Nyamaza."

Waringa alitamani apigwe. Angepigwa kofi angejua la kufanya, angelia, au angelirudisha, na mambo yangeenda mbele. Anab hakumpiga. Alifungua oveni, ambayo tangu inunuliwe ilikuwa kabati la sufuria, akaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga sakafuni bila haraka.

"Mama hana dhambi," akasema akiwa ameinama. "Hakujua. Asiyejua hahesabiwi. Na Hodo hajui, wala hatajua. Ukimwambia nitakukata ulimi. Nimebaki mimi, ninayejua." Alitoa sufuria ya mwisho. "Ungesema ni mara ya kwanza. Nilikuuliza ili useme ni mara ya kwanza."

"Ungetaka nikudanganye?"

"Ndiyo!" Anab akapiga meza, mayai yakaruka kwenye kikapu. "Leo ningetaka! Kesho ukiniambia, mwaka ujao, sijui! Leo ningetaka!" Akajifuta uso kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. "Pika."

Waringa akapika. Alikwaruza limau, akafikicha sukari, akapiga siagi, na Anab akasimama mlangoni mikono imefungwa kifuani akitazama kila kinachoingia bakulini. Hawakuzungumza. Marehemu nyanya wa watu alikuwa amekaa katikati yao jikoni mle, na wote wawili walimpisha wakipita.

Tabaka ya tatu ilipokuwa inatolewa, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama yake Magan, amemeremeta dhahabu, amefuata harufu.

"Kwani keki inapikwa hapa?"

"Nilitaka ipikwe mbele yangu," Anab akasema. "Nimesimama nikiona kila kitu."

Yule mama alimtazama Waringa kuanzia utosini hadi kwenye ndara, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sasa umefanya la maana. Mimi nilisema tangu mwanzo."

Na Waringa, ambaye kwa neno dogo kuliko hilo amewahi kumfukuza mwakilishi wa wadi kutoka mlangoni kwake, aliinamisha uso juu ya bakuli la aisingi. Hilo ndilo lililomkaba. Mwanamke yule mwenye kiburi, mwenye dharau, asiyejua hata jina lake, alikuwa amesema kweli. Alichapa aisingi mpaka kiwiko kikamwuma.

Saa kumi na nusu keki ilikuwa mezani, ndefu, nyeupe, maganda membamba ya limau yamezungushwa juu. Vigelegele vilipigwa, vya kweli sasa. Hodo alikata, akamlisha mama mkwe, akalisha shangazi zake, akajilisha mwenyewe. Alifumba macho.

"Ni ile ile," akasema akicheka, aisingi kwenye mdomo. "Anti, ni ile ile kabisa! Haijabadilika hata kidogo." Akakata kipande kingine, kikubwa, akamgeukia mama yake. "Hooyo, fungua mdomo."

Anab hakuufungua. Wanawake walingoja. Mama yake Magan aliacha kutafuna, macho yakaanza kutoka kwa Anab kwenda kwa keki na kurudi, kwa kuwa aliyeapa mbele yao ndiye asiyekula. Waringa alikuwa amesimama karibu na pazia la jikoni, na kwa namna koo la Anab lilivyocheza alijua kwamba lilikuwa limekataa, kwamba hata keki hii safi, aliyoiona kwa macho yake ikitoka unga hadi meza, haingepita.

Anab akafungua mdomo. Alitafuna akimtazama Waringa juu ya kichwa cha binti yake. Alitafuna muda mrefu. Kisha akameza, kipande chote, na machozi yakamjaa machoni, na shangazi wakasema maskini, mama anamlilia binti yake.

"Ni tamu," akasema kwa sauti, wote wasikie.

Sherehe ikaendelea. Ngoma ikapigwa, viti vikasukumwa ukutani. Anab alipita kati ya wageni akipokea pongezi mpaka akafika penye pazia, akasimama bega kwa bega na Waringa, wote wakitazama wasichana wanavyocheza.

"Nenda nyumbani, Waringa," akasema kwa sauti ya chini. Tangu watoto wao wazaliwe hakuwahi kumwita jina hilo. "Nikikuita, uje. Nisipokuita, usije."

Akaondoka kwenda kuwahudumia wageni. Waringa aliosha mikebe mipya, akaikausha, akaipanga juu ya meza ya jikoni, maana ilikuwa ya nyumba hiyo sasa. Kisha akashuka ngazi na kikapu kitupu.